Umempa Nema Kapu Langu

Yaya Faustin, kaka yangu mkubwa,

Jumanne nilimwona yule msichana wa kapu kwenye televisheni ya bibi ninayemtunza hapa Shively, pembeni ya Louisville. Ni ile sehemu ya daraja la kamba, katika ile sinema yetu ya zamani. Mzungu mwenye kaptula na kofia amepotea porini, mamba wanamngoja mtoni, mara msichana anatokea na kapu kichwani, ananyoosha mkono kumwonyesha njia, anakwenda zake. Sekunde chache tu. Bibi alikuwa anasinzia. Nilisimama na sahani yake ya viazi mkononi nikingoja sauti yako, na sauti haikuja. Msichana akapita kimya.

Hukuwahi kujua jinsi nilivyompenda yule msichana. Kule kambini Tanzania, ulipokuwa unatafsiri picha katika ile nyumba ya video ya turubai, watu walikuja kukusikiliza wewe, siyo kuangalia wazungu wa zamani wasio na rangi. Kiingereza chenyewe hukukijua. Kila mtu ulimpa maneno yako, hata wanyama. "Musiogope, ile simba ilishaka kula," ulikuwa unasema, na turubai zima linacheka. Lakini msichana alipotokea ulishusha sauti: "Bon, muangalie muzuri. Huyu ni Kabibi, dada yangu mudogo. Ni yeye anajua njia." Watoto wote waligeuka kunitazama pale benchi la mbele. Nilikuwa na miaka tisa, mama sina, viatu sina, lakini nilikuwa ndani ya sinema.

Basi sikiliza yaliyotokea baada ya kukuzika. Kule kwako Lackawanna, karibu na Buffalo, tulikulilia siku nne. Kwaya iliimba mpaka majirani wakatoka kwenye theluji kuuliza kuna nini. Makochi yako tuliwapa wageni wapya wa kanisani, na koti lako kubwa nimelichukua mimi, bila kumuuliza mtu. Njiani kutoka Buffalo kurudi Louisville tulipumzika Columbus, kwa Nema, pale Gahanna ambapo ndege zinapita juu ya paa. Nema yuleyule, jirani yetu wa kambini, aliyeanza kukuita Yaya bila kuniomba ruhusa. Akasema ana kitu cha kutufariji. Akaweka simu yake mezani, na wewe ukaanza kusema.

Ulikuwa unamtafsiria ile sehemu. Miaka mitano iliyopita, alipolazwa wiki nyingi na mimba ya mwanawe Plamedi, haruhusiwi hata kusimama, picha ilitokea kwenye televisheni ya hospitali. Akakupigia kwa simu ya mumewe, ukafungua chaneli hiyohiyo kwako, ukamsimulia mwanzo hadi mwisho, naye akarekodi kwa simu yake. Kwenye simba nilicheka na wenzangu. Kisha msichana akafika. "Bon, angalia muzuri. Huyu ni Nema, dada yangu mudogo. Ni yeye anajua njia."

Maneno yaleyale, Yaya. Hata hiyo bon yako ya Kifaransa hukuibadilisha! Wengine walilia kwa uchungu, mimi nililia kwa wivu, na wakanipapasa mgongo wakidhani tunalia pamoja. Ni mimi niliyenyonya ziwa moja na wewe. Ni mimi niliyekupigia kila Jumapili. Mbona tangu tufike Amerika hukunitafsiria hata mara moja? Najua ungesema sikuomba. Kweli, sikuomba. Nilidhani kitu changu hakihitaji kuombwa.

Nilimwambia Nema anitumie ile sauti. Alikuwa jikoni anasonga ugali. "Jitumie weye mwenyewe, dada, mikono yangu iko na bugali." Nikajitumia. Kisha nikafuta ile ya kwake, na ule ujumbe niliojitumia nikaufuta pia. Simu iliniuliza kama nina hakika. Nilikuwa na hakika. Nikala bugali yake, nikamshukuru, nikaondoka.

Sasa ni miezi minne sauti yako ninayo peke yangu. Unadhani nimefurahi? Naisikiliza ndani ya gari kabla ya kuingia kazini, na kila msichana akikaribia, naizima. Nina kaka wa dakika kumi na saba. Ya kumi na nane ni ya Nema.

Jumapili alinipigia. Tangu tulipoisikiliza pamoja alikuwa anaogopa kuifungua tena, siku hiyo akajikaza, akakuta hakuna kitu. Amempiga Plamedi, maana ndiye anayechezea simu yake, amemnyang'anya, mtoto anajitetea kwa Kiingereza na hakuna anayemsadiki. "Donc, dada, huyu mutoto ameniulia Yaya mara ya pili." Nilimwambia pole. Niliisema kwa sauti nzuri kabisa, nikakata simu, nikaenda kufua.

Ndiyo maana Jumanne, msichana alipopita kimya, nilijaribu kumsemea mwenyewe. Nikaanza kwa nguvu, "Bon, angalia muzuri, huyu ni," bibi akashtuka usingizini, na jina langu halikutoka. Nilijiona mjinga. Lile jina lilikuwa na maana kwa sababu ulilisema wewe. Mimi nikilisema ni kelele tu, na kwa sababu ya kelele hiyo mtoto wa watu amechapwa.

Kesho sina kazi. Sauti hiyo siitumi kwa simu, maana kwenye simu nitapata uongo wa kuongezea. Nitaendesha hadi Gahanna, nimwambie Nema kwamba ni mimi, na nimwambie mbele ya Plamedi, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza changu kibovu, mtoto aelewe. Nema akinifukuza, anifukuze. Asiponifukuza nitakaa naye niisikilize mpaka mwisho, bila kuzima. Hiyo nakuahidi.

Ila usifikiri nimekusamehe. Lala salama, Yaya wangu. Na huko uliko, najua umeshapata watu wa kukusikiliza. Ukiwatafsiria, ukifika kwa yule msichana wa kapu, dada yako mdogo, taja jina.

Kabibi