Kadi ya Matundu Matatu

Jumapili, 5 Oktoba

Bunduki mbili leo, zote za darubini za joto, zile zinazoonyesha joto la kitu badala ya mwanga. Uwanjani mara tu baada ya alfajiri, kabla mawe hayajachemka. Jua likishapanda kila kitu kwenye kioo kinakuwa rangi moja: jabali, shabaha, mbuzi wa watu. Shabaha yangu ni ileile, kadibodi na kipande cha foili ya jikoni, pakiti ya barafu nyuma yake. Penye baridi panaonekana peusi. Barafu natoa kwenye friza la Zuwena, na kila siku mke wangu huyo ananung'unika kuwa nammalizia nafasi ya samaki.

Risasi tatu. Matundu matatu yamegusana. Kadi hiyo ya shabaha nimeitia saini, Hilal kaitia kwenye sanduku la mteja kama hirizi. Dukani kwake, mtaa wa Wattaya, nna miaka thelathini na moja nafanya kazi hii hii ya kulenganisha darubini na bunduki. Bunduki iliyopita mkononi mwangu watu hawaijaribu tena. Kuijaribu ni kunitukana.

Zuwena ndiye aliyenipeleka na kunirudisha. Nimemwambia goti linauma. Goti halina kitu. Muongo mie.

Jumanne, 7 Oktoba

Doa limekua. Jicho la kulia, katikati kabisa, pale hasa unapotaka kutazama. Nikimtazama mtu namwona masikio. Daktari alisema mwaka jana: kiini cha jicho kimechakaa, dawa ya kukirudisha hakuna. La kushoto litafuata. Alisema kwa upole, nikamchukia. Na la kushoto limefuata kweli.

Darubini za kawaida siziwezi tena. Hizi za joto ndizo zinazonisitiri. Picha inaruka mpaka kwenye tableti, naikuza, alama ya kulengea inakuwa nene kama kidole. Bunduki nimeilaza kwenye mifuko ya mchanga. Nafyatua tu. Hilal anawaambia wateja: mzee wetu kapenda mambo ya kisasa. Nacheka nao.

Naogopa. Sina kazi nyingine nnayoijua.

Alhamisi, 9 Oktoba

Bunduki ya Abu Saif. Huyu si mteja. Wazee wetu walipotoka Unguja tulikaa jengo moja huku ng'ambo, Ruwi, familia mbili, choo kimoja. Anakwenda kuwinda kusini mwa Afrika, safari aliyoipanga tangu astaafu.

Darubini yake inaweka vipimo viwili vya kulengea, cha kwanza cha risasi nyepesi za mazoezi, cha pili cha risasi nzito za kuwindia. Nimeanza na nzito. Matundu matatu, ukiweka kitufe cha shati yanafichika yote. Kadi, saini. Halafu nyepesi. Halafu nikairudisha kwenye cha pili, maana ndicho anachokwenda nacho. Tableti ilishaisha chaji. Nikachungulia kwenye darubini yenyewe, ile namba ndogo pembeni. Mbili. Nikafunga sanduku.

Abu Saif kaibusu ile kadi, kaitia kwenye pochi yake. Kunusa mafuta ya bunduki na kuchekwa na rafiki, siku njema hii. Chache siku hizi.

Jumapili, 19 Oktoba

Abu Saif karudi tangu juzi. Hakupiga simu. Si kawaida yake.

Jumatatu, 20 Oktoba

Kaja dukani mwenyewe na sanduku. Anataka kuiuza. Hilal alidhani mzaha.

Kahadithia kwa kifupi, amesimama, hata kiti hakukitaka. Swala dume, mbali si mbali. Kasema bismillahi, kafyatua. Risasi ikashuka chini, ikampata tumboni. Mnyama akakimbia. Walifuata damu siku mbili, wakaipoteza kwenye mawe. Hakuchinjwa. Kaenda kufa peke yake huko na tumbo wazi. Abu Saif hakupiga tena hata risasi moja safari nzima.

"Mkono wangu umezeeka, nami sikutaka kukiri," kasema. "Nimemdhulumu kiumbe."

Bunduki hakuilaumu hata kidogo. Bunduki ilipita kwa Nassor, yaani mimi. Nikalipokea sanduku, nikaliweka stoo.

Jumanne, 21 Oktoba

Sikungoja mtu aniambie. Hilal alipotoka kwenda kusali adhuhuri nikafungua sanduku, nikaunganisha tableti, nikakuza.

Kipimo cha kwanza. Cha risasi nyepesi. Ile namba niliyoiona mbili ilikuwa moja. Au sikuiona kabisa, nikajiambia nimeiona. Risasi nzito kwa kipimo kile lazima ishuke, na imeshuka hasa kiasi alichosema.

Ni mimi.

Na Abu Saif hakuijaribu kule, kwa sababu nimewafundisha wote wasijaribu.

Alhamisi, 23 Oktoba

Siku mbili sijasema kitu. Nikisema, kazi imekwisha, jina limekwisha. Nisiposema, yeye atakaa na dhambi isiyo yake mpaka kaburini. Ni hesabu rahisi na bado naizungukazunguka. Najichukia.

Zuwena kaniuliza kwa nini siombi tena barafu. Kisha kasema, bila ya kuniangalia, kuwa mtu wa goti hapapasi ukuta akitafuta swichi. Anajua. Sijui tangu lini. Nikamweleza yote, swala na kipimo na kadi. Kasema twende kwa Abu Saif Jumamosi, yeye ataendesha.

Jumamosi, 25 Oktoba

Al Hail, nyumbani kwake. Zuwena kapita ndani kwa wanawake, sisi barazani na tende na kahawa. Nikamwambia moja kwa moja. Kipimo nimekiacha kibaya, mkono wako hauna kosa.

Hakuniamini. Hilo sikulitia akilini hata mara moja. Nilijitayarisha kwa hasira yake, nilijitayarisha kwa matusi. Yeye katabasamu.

"Yakhe, wewe mtu mwema, lakini usinibebee dhambi yangu. Wewe hukosei."

Akatoa kadi kwenye pochi, akaiweka mbele yangu iwe ushahidi. Matundu matatu. Ushahidi wangu mwenyewe, saini yangu mwenyewe.

Nikamwambia: "Nionyeshe yalipo."

Akadhani namfanyia mchezo. Nikaichukua kadi nikaanza kuyatafuta kwa kidole. Nikapapasa juu, nikapapasa chini. Nilikuwa nnaona ukingo wa kadi na mkono wake tu. Nimechelewa kuyapata. Nilipoyapata yeye alikuwa ameacha kutabasamu, nilijua kwa kimya chake.

Hakusema amenisamehe. Hakusema hajanisamehe. Kaniuliza bunduki ngapi nimezitoa mwaka huu. Kisha kamimina kahawa, na badala ya kuniwekea kikombe mbele kanikamatisha mkononi, akavikunja vidole vyangu juu yake. Nilitaka kulia, nikanywa.

Jumapili, 26 Oktoba

Nimemwambia Hilal. Alikaa chini. Kisha kaniomba daftari la kazi, tukaanza kupigia wateja simu, mmoja mmoja, warudishe bunduki zikaguliwe. Yeye anasoma namba, mimi nazungumza. Nilitaka wasikie kwa mdomo wangu. Mmoja kanikatia simu. Mmoja kasema pole mzee, na hiyo iliuma zaidi.

Ufunguo wa stoo ya bunduki nimeuacha juu ya meza. Hilal hakuniomba, wala hakuurudisha kwangu.

Jumatano, 29 Oktoba

Nyumbani. Zuwena amejaza friza samaki.

Abu Saif bunduki keshaiuza. Kasema kujua kosa ni la nani hakumrudishi yule swala. Kweli. Nilifikiri ukweli utamtua mzigo. Haukumtua, umenipa na mimi wangu.

Jicho la kushoto sasa linafanya ukungu mpaka pembeni asubuhi.

Ijumaa, 31 Oktoba

Abu Saif kaja kunichukua kwa sala. Sikumwita. Garini kafungua Qur'ani kwenye redio basi.

Msikitini pale kuna ngazi nne. Nazijua miaka yote, ningepanda hata nimefumba macho. Kanishika kiwiko kwenye ya kwanza. Nikamwacha anishike mpaka juu.