Kijana Aliyepigwa Katika Karakana ya Fundi Abulmaati

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi, Dumyat
Tarehe: 12 Februari 2024
Jina: Inshirah Fuad Elbaz
Umri: Miaka 51
Kazi: Kushona foronya za makochi
Makazi: Nyuma ya soko la mbao, Dumyat

Mimi ndiye mwenye jina na makazi yaliyotajwa hapo juu. Nimeelezwa kuwa nikisema uongo nitashtakiwa. Nitasema niliyoyaona, na pale nilipoambiwa na mtu nitasema niliambiwa.

Karakana ya Fundi Abulmaati Shalabi ni ya makochi na vitanda vya kuchongwa. Nimeshona humo tangu dada yangu Dawlat aolewe na fundi huyo. Dada yangu alifariki miaka minne iliyopita kwa ugonjwa wa figo. Kwa hiyo mzee ni shemeji yangu, na mwanawe Wagdi, ambaye ndiye anayeendesha karakana sasa, ananiita mama mdogo.

Shemeji ana ugonjwa wa kusahau. Ukimpa patasi anachonga waridi bila kukosea, lakini ukimuuliza leo ni siku gani anakasirika. Mwanzoni alipomuulizia mkewe tulimwambia ukweli. Alilia mpaka akatapika, na kesho yake akauliza tena. Daktari akatwambia tusimzike mtu kila siku. Tangu hapo tukakubaliana kumjibu kuwa ameenda sokoni. Akisikia hivyo husema, "Huyo akishakutana na wauza samaki harudi leo," kisha anaendelea na kazi yake.

Mnamo mwezi wa tisa mwaka jana Wagdi alikwenda kwenye mafunzo ya wenye biashara ndogo, ya jinsi ya kutafuta wateja mtandaoni. Mwalimu alikuwa mtu anayeitwa Ihab. Wakati huo karakana ilikuwa inakufa. Watu wananunua makochi ya kiwandani, na mafundi wetu walikuwa wameondoka mmoja mmoja. Wagdi alirudi amechangamka sana. Alitueleza, tukiwa tunakula maharage, kwamba anatakiwa kuweka video kila siku saa ambayo watu wametoka kazini, aanze na uso wa mtu na siyo kiti, ajibu kila anayeandika hata anayetukana, na kila video iwe na kitu cha kumfanya mtu amtumie mwenzake.

Alifanya yote hayo. Alipiga picha makochi, vitanda, hata mikono yangu ikishona. Waliotazama ni binamu zake, na mwanamke mmoja aliyeuliza bei akapotea.

Mwezi wa kumi na moja Ihab alikuja mwenyewe karakana. Hakutazama makochi. Alisimama anamwangalia shemeji akichonga, kisha nikamsikia akimwambia Wagdi, "Biashara yako siyo viti. Biashara yako ni huyu mzee." Tangu siku hiyo Wagdi akawa anamrekodi baba yake. Shemeji ni mtu wa maneno, anatukana mbao na kuzibembeleza, na watu wakampenda. Mpaka hapo sikuona ubaya.

Siku moja, Wagdi akiwa anarekodi, mzee aliuliza kwa nini Dawlat hajaleta chai. Wagdi alikuwa amechoka na alijisahau. Alimjibu, "Baba, mama amefariki." Mzee alikaa chini kwenye maranda akalia. Wagdi aliniambia kuwa aliamua kuifuta video hiyo, lakini Ihab alimkataza, akasema huo ndio ukweli ambao wenzake wananunua kwa fedha nyingi na hawaupati. Ikawekwa. Baada ya hapo simu ya Wagdi haikunyamaza. Oda zilikuja kutoka Kairo na Iskandaria, na hata kwa watu wetu walioko Kuwait. Oda zilikuja kweli, hilo siwezi kulikana.

Kisha watu wakaanza kuandika kwamba wanamtaka tena mzee anayemlilia mkewe. Wagdi akarudia kumwambia. Akarudia tena. Mimi nilikuwa natoka nje kila alipoinua simu.

Nilimwambia, "Mwanangu, huyo ni mama yako unayemuuza."

Akanijibu bila kuniangalia, "Mama mdogo, mama alipokuwa hai humu mlikuwa na mafundi sita. Leo yuko nani? Nikifunga, wewe utamshonea nani?"

Nikarudi kwenye cherehani.

Wageni wakaanza kuja. Wengi walikuwa watu wema. Walileta keki, wakapiga picha na mzee, wakaagiza hata kistuli. Lakini wapo waliokuja kwa ajili ya kile kilio tu. Walimuuliza mzee mkewe yuko wapi, na simu zao ziko tayari.

Leo saa tano asubuhi Wagdi alikuwa amekwenda kusimamia upakiaji wa makochi. Karakana tulikuwa mimi na shemeji. Akaingia kijana ambaye baadaye nimeambiwa anaitwa Mazin, wa kutoka Mansura. Alinisalimia kwa adabu. Nilimwambia amsubiri Wagdi. Akasema ameshazungumza naye. Kama ni kweli sijui. Simu yake ilikuwa inarusha mubashara. Aliwasalimia watu wake mle ndani ya simu kabla ya kumsalimia mzee.

Alimuuliza mzee, "Bi Dawlat yuko wapi?"

Shemeji akamjibu, "Ameenda sokoni. Una shida naye gani?"

Nilimpungia kijana mkono anyamaze. Alinitabasamia, nadhani alidhani na mimi nimo kwenye mchezo.

Akasema, "Mzee, Dawlat amekufa. Hawajakwambia?"

Shemeji aliweka patasi chini. Nyundo ya mti ilibaki mkono wa kulia. Hakumtazama kijana, alinitazama mimi. Akaniuliza, "Shemeji, kweli?"

Nilitakiwa kujibu upesi, nikachelewa. Akaona.

Kijana akamsogezea simu karibu kabisa na uso, akasema, "Angalia hapa, mzee. Waambie unajisikiaje." Shemeji akamwambia aondoe hicho kitu. Hakuondoa. Nilikuwa nimeshainuka, lakini cherehani ipo upande wa pili wa meza, sikuwahi. Shemeji alimpiga mara moja, upande wa kichwa. Kijana alirudi nyuma, akajikwaa, akaanguka na kisogo kikagonga kona ya chuma ya mashine ya msumeno.

Mzee hakumpiga tena. Alipiga magoti. Alichukua kitambaa nilichokuwa nashona akamfunga nacho kichwa, akawa ananiuliza huyu ni mtoto wa nani, nani amemfanya hivi. Simu ilikuwa imeangukia kwenye maranda, bado inarusha. Kwenye kioo ilikuwa inapanda mioyo midogo myekundu. Niliifunika kwa mto, nikatoka nje kuita watu.

Wagdi alirudi wakati gari la hospitali linaondoka. Ihab alimpigia. Nilimsikia Wagdi akisema, "Siwezi, Ihab. Siyo leo." Kisha aliniambia kuwa Ihab anamtaka asiufute ukurasa, kwa sababu watu hawajawahi kuwa wengi kiasi hiki. Nilipoondoka kuja hapa ulikuwa haujafutwa.

Afisa ameniuliza kama shemeji alijua anachokifanya. Sijui nijibu vipi. Alijua kwamba muda ule ule ameambiwa mkewe amekufa, na kwake ilikuwa mara ya kwanza. Sasa hivi, huko mlikomweka, hajui kwa nini yupo.

Ninayoyajua yanaishia hapo. Nimesomewa, ni yangu.

Saini: Inshirah F. Elbaz

MAELEZO YA AFISA: Maelezo haya yameandikwa na mimi, Luteni Bahgat Radwan, na kusomwa kwa shahidi kabla hajasaini. Saa kumi na dakika ishirini jioni hospitali imepiga simu kuarifu kuwa majeruhi Mazin amefariki. Shahidi alikuwa bado yupo, nikamweleza. Aliuliza kama kijana ana mama. Nilimjibu kuwa yupo njiani kutoka Mansura na bado hajaambiwa.