Maua Uliyomlimia Koku: Kumkumbuka Tata Andongwisye wa Makwale

Mwaka umetimia, Tata, baba yetu, tangu mchana ule wa mvua tulipokulaza hapa Makwale, upande wa chini wa kakao zako. Mvua zimerudi. Mpunga bondeni umefika magotini, njia ya kisimani ni tope tupu, na maboga ya bustani yako yametambaa mpaka ukutani mwa jiko. Mama amesema niandike mimi Kisa kwa niaba ya wote, kwa kuwa anajua kusema mbele za watu kunanishinda.

Tunaanza kwa kushukuru. Ndaga fijo, Tata. Asante kwa jinsi ulivyomsalimia kila uliyekutana naye njiani, mkubwa kwa mdogo, hata ukachelewa kufika ulikokwenda. Ulikuwa unavua kofia kabla ya kuingia jikoni, kana kwamba jiko la Mama ni ofisi ya mtu mkubwa. Ulituambia kakao haina haraka, ukaigeuza mikekani kwa miguu yako huku ukipiga mluzi, na kakao ile ndiyo iliyotusomesha.

Na asante kwa ajili ya Koku.

Wasiokufahamu watauliza Koku ni nani. Ni kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, aliyefugwa kwa kibali na mjomba Oswald huko Bukoba. Mjomba alipozeeka na kuhamia kwa mwanawe, alimkabidhi kwa dada yake, yaani mama yetu Teodora, muuguzi aliyeletwa Kyela na kazi na akabaki kwa sababu yako. Koku alifika akiwa amejinyonyoa manyoya ya kifua. Alikuwa amezoea kula alizeti kavu na biskuti tu. Daktari wa mifugo wa mjini alimtazama, akakuambia, "Mzee, huyu anataka majani, maua na matunda. Tena yasiyopigwa dawa." Mama alidhani utacheka. Wewe ulirudi nyumbani ukachukua jembe.

Ulikata kipande kile kati ya jiko na kakao. Ukapanda choya ya juisi, hibiskasi nyekundu, alizeti, mrehani, mlonge wa majani na pilipili mbuzi, ambazo Koku huzitafuna kama peremende. Pasheni ukaipandisha kwenye uzio. Uling'oa kichaka cha maua meupe yanayoning'inia kama tarumbeta, ingawa kilikuwa pambo letu, kwa sababu daktari alisema kina sumu. Tundu la Koku ulilihamisha kutoka chini ya mparachichi, maana nalo parachichi si chakula chake. Mistari ya kakao iliyo karibu na bustani hukuipiga dawa tena. Ulikuwa unapita kwa mkono, unaondoa matunda yaliyooza moja moja. Mmea usiojulikana hukuupanda mpaka umpigie daktari simu, na yeye asipoujua, uliuacha.

Huku kwetu msimu wa mpunga kila mtu anashinda shambani akiamia ndege, anapiga makopo na kupiga kelele. Kwa hiyo jirani yetu Nelson hakukuacha bila utani.

"Andongwisye! Sisi tunawafukuza, wewe unawalimia?"

"Namlimia mmoja tu."

"Akiwaambia wenzake?"

"Basi waje kwako, Nelson. Wewe una mpunga mwingi na sauti ndogo."

Mlicheka wote wawili, na kesho yake Nelson alikuletea samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri.

Halafu ikaja ile siku ya kupasua kakao. Ndugu walikuwa wamejaa uani. Shangazi Angetile, dada yako mkubwa, alikuwa amekuja kutoka Matema kusaidia, kama kila mwaka. Kwetu mgeni hapiti penye kakao inayopasuliwa bila kupewa mbegu mbichi anyonye ule utamu wake mweupe. Mtoto hupewa, mpita njia hupewa. Shangazi akamwona Koku anatazama, akasema, "Na huyu naye ni mtu wa nyumba hii," akampa kiganja kizima.

Lakini mtu hunyonya akatema mbegu. Kasuku huivunja, akala cha ndani.

Kufikia alasiri Koku alikuwa amevimba manyoya, anatapika na kutetemeka. Daktari alifika kwa pikipiki, akamnywesha mkaa wa dawa kwa bomba la sindano. Akatuambia kakao ni sumu kwa ndege. Nakumbuka uso wako.

"Kakao hii hii iliyosomesha watoto wangu?"

"Hiyo hiyo, Mzee."

Koku alipona. Aliyeumia zaidi alikuwa Shangazi. Pale kwenye mashine ya kukoboa watu walikuwa wameshaanza: Angetile kampa sumu ndege wa wifi yake, hajawahi kumpenda yule mwanamke wa Bukoba. Mama hakuyasema hayo, lakini hakuyakanusha. Alikuwa na uchungu. Shangazi akaacha kuja. Hakuja kwenye mavuno ya mpunga, na Pasaka akatuma salamu kwamba miguu inauma. Ulikuwa na dada mmoja tu duniani, Tata. Mluzi wako ulipungua, na sote tulijua kwa nini.

Hukumkemea Mama, wala hukuitisha kikao cha ukoo. Asubuhi moja ulimwambia Mama, "Nifungie ndizi, nakwenda Matema." Mama alisimama kidogo, kisha akachagua mkungu mzuri kuliko yote. Ulinichukua niubebe.

Shangazi alikuwa anatengeneza dagaa kwenye kichanja, ziwa likiwa nyuma yake. Hakuinuka.

"Ugonile, dada."

"Nimeamka. Umefuata nini?"

"Mbegu za maboga."

"Makwale nzima imekosa maboga?"

"Ya kwako yanachanua sana."

Aliacha dagaa, akakutazama. "Ni za yule ndege."

"Ni za yule ndege. Maua yake anayapenda, na mimi sijui kuyapanda yakatoa maua mengi. Wewe unajua."

"Andongwisye, unataka nikamuue kabisa, waseme vizuri?" Akafuta mikono kwenye kanga. "Mkeo anajua uko hapa?"

"Hizo ndizi amezifunga nani?"

Shangazi aliuangalia ule mkungu, akaugusa, akaangalia jinsi kamba ilivyofungwa. Akarudi kwenye dagaa zake. Tuliondoka mikono mitupu. Njiani ulisema tu, "Hajakataa."

Wiki iliyofuata alishuka kwenye bajaji nyumbani kwetu, mbegu amezifunga kwenye pembe ya kanga. Yeye na Mama wakasimama bustanini, huyu huku na huyu kule, wanasalimiana kama watu wa foleni moja ya zahanati. Wewe ukachimba shimo makusudi mahali pabaya, karibu na shina la mlonge.

"Aa, si hapo!" wakasema wote wawili.

"Basi nionyesheni."

Shangazi akasema mbegu tatu kila shimo. Mama akasema kwao ni mbili. Shangazi akamwambia, "Wifi, ndiyo maana kwenu mnakula ndizi tu." Mama akacheka mpaka akashika magoti. Wewe ulijifanya unatafuta jembe, na jembe lilikuwa mkononi mwako.

Ua la kwanza lilipofunguka, Shangazi alikuwa amekuja tena. Mama alilichuma, akalikung'uta sisimizi, akaliosha. Tulidhani atampelekea Koku mwenyewe kama siku zote. Akampa Shangazi. "Mpe wewe, wifi." Shangazi akalipenyeza kwenye nyavu za tundu. Koku alilipokea kwa mguu, akala petali za njano kwanza, kisha katikati, kisha akasema "Ndaga" kwa sauti yako. Shangazi alikaa chini palepale akalia, na Mama akakaa naye.

Tata, hukupata kuzungumzia jambo lile. Hukusema, "Mmeona?" Uliendelea kupalilia. Ulipougua na kulazwa hospitali, hao wawili ndio waliopokezana kando ya kitanda, huyu na uji, huyu na kitenge safi. Ulikuwa unawauliza kama choya imechumwa. Tunajua hukuwa unauliza choya.

Tunataka usikie lililotokea baadaye. Baada ya arobaini, wazee wa ukoo walikaa uani kupanga mashamba. Mmoja akasema kile kipande cha maua kipandwe kakao, maana sasa mwenye kasuku hayupo, na ardhi haipaswi kukaa bure. Alisema kwa heshima, wala hakuwa na ubaya. Mama alikuwa bado na kilio, amejifunika kanga. Niliogopa. Nilijua kama kauli ile itapita hivi hivi, msimu ujao miche itakuwa imeshasimama.

Shangazi Angetile akainuka kwenye mkeka wa wanawake. Huyu ndiye ambaye kakao yako ilimtenga na nyumba hii, Tata.

"Mwenye kasuku yupo," akasema, akamwonyesha Mama. "Na mlishaji ni mimi. Mkitaka kupanda kakao pale, nipandeni mimi kwanza."

Mzee akajaribu: "Dada, wewe unakaa Matema."

"Nilikuwa nakaa Matema."

Sasa anakaa chumba cha uani, chenye dirisha la kutazama bustani. Mama hayuko peke yake. Asubuhi tunawasikia wanabishana chini ya mlonge kuhusu mbegu tatu na mbegu mbili, na sisi tunaobaki kitandani tunashukuru Mungu kwa ajili yako.

Unakumbukwa na mkeo Teodora, dada yako Angetile, wanao Prisca, Hezroni na mimi Kisa, wajukuu zako, shemeji yako Oswald wa Bukoba, jirani yako Nelson, pamoja na ukoo wote wa Makwale na Matema. Ibada ya shukrani itafanyika nyumbani, na wote mnakaribishwa.

Pumzika, Tata. Ulituacha tukiwa pamoja, na kwa hilo tutakukumbuka daima.