Nilimsingizia Fundi Cherehani kwa Wivu

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijapasuka. Mume wangu ni fundi viatu, na alimdhamini mwanamke mgeni anayeshona nguo chumba cha jirani, maana siku hizi wanasema usalama wa taifa, kila mgeni aripoti kituo cha polisi Jumatatu akiwa na mdhamini raia, basi ikawa kila Jumatatu mume wangu anapiga pasi shati, yeye ambaye harusi ya dada yangu alikuja na kandambili, ananyoa ndevu, wanaondoka wanacheka, nami nabaki na sufuria mkononi roho ikiniuma, nikimuuliza anasema, "Mama Watoto, foleni ni ndefu, tusipige hata soga?" Soga gani hiyo! Wivu ukanipanda, nikapiga ile namba ya kuripoti wageni wa kutiliwa shaka, hawakuniuliza hata jina, nikasema chumbani kwa mwanamke yule wanaingia wanaume na mabegi mazito, nami najua fika ni wateja na vitambaa vyao. Asubuhi polisi wakaja wakamchukua. Leo siku ya tisa hajafikishwa mahakamani, wakili haruhusiwi kumwona, na Ijumaa wanamrudisha kwao, alikokimbia vita. Mume wangu hapati usingizi, anampelekea chakula nilichopika mimi, tena kwenye hotipoti yangu mpya, na bado, mshauri, naona wivu. Nifanyeje nimpate tena mume wangu?

Mwenye Roho Juu

Dada yangu, pole. Wivu wa ndoa naujua, unachoma kweli. Lakini hebu! Mtu yuko mahabusu, wewe unalilia hotipoti? Mumeo alipiga pasi shati kwa sababu pale kituoni mgeni na mdhamini wake wanakaguliwa kuanzia viatu. Ungekuwa na utu ungempigia hiyo pasi wewe.

Sheria inayomfungia mtu bila kosa wala hakimu ni mbaya, na hapa gazetini nitaipigia kelele. Ila simu uliipiga wewe.

Mwambie mumeo leo hii. Atafoka, mwache afoke. Kisha nendeni ofisi ya msaada wa kisheria, uandike kwa jina lako kamili kwamba ulisema uongo, wakili akimbilie mahakamani kuzuia safari ya Ijumaa. Unaogopa kushtakiwa? Huenda ukashtakiwa. Lakini wewe ni raia, utapata wakili, na hakimu atakusikiliza. Mwenzio hajapata hata kimoja.

Habari ya kumpata mumeo niulize Jumamosi, kama huyo mama bado yupo.