Mkono wa Breki wa Baiskeli ya Mtoto

Masuguru, Korogwe
Jumapili, mwezi wa saba. Mwaka wa arobaini na tisa tangu niondoke nyumbani

Mdogo wangu Nyamizi,

Mwangaluka. Na marahaba kwa shikamoo uliyonipa kwenye simu, ambayo siku ile sikuiitikia. Goti lako linaendeleaje? Na yule ng'ombe uliyesema hakubali kukamuliwa na mtu mwingine ila wewe, bado ana kiburi? Mimi mwili ni mzima. Kikohozi cha vumbi la katani kinanitembelea asubuhi, lakini tumezoeana kiasi kwamba kikichelewa nakiulizia.

Ulinipigia kunipa habari za kaka Maganga, kisha ukaniuliza nitarudi lini kukalia kiti chake, kwa kuwa sasa mkubwa niliyebaki ni mimi na kiwanja cha baba hakiwezi kukaa bila mwenyewe. Nikakujibu, "Nimesikia," nikakata simu. Najua umekaa na neno hilo moja wiki zote hizi ukiligeuza huku na huku. Jibu lako limo humu, ila nakuomba usilirukie. Nataka kwanza ujue jambo lililonipata siku ile ile, maana bila hilo jibu langu litaonekana la mtu asiye na moyo. Lilianzia kwenye kitu kidogo, mkono wa breki ya baiskeli.

Ninayo baiskeli ya mtumba, hizi za gia zenye matairi mapana ambazo vijana huziita maunteni. Naendea nayo Ngombezi, kwenye bustani yangu ya mchicha karibu na zile nyumba za kambi nilikofikia siku ya kwanza. Mkono wangu wa kulia unaujua. Umebaki na gumba na vidole viwili, vile vingine vilikwenda na korona, mashine ya kukamua majani ya mkonge. Sasa, mwezi uliopita baiskeli iliangukia jiwe, na mkono wa breki wa kulia ukakatika. Nikaipeleka kwa Fundi Mhina, ambaye ana kibanda cha bati hapa Masuguru, na waendesha baiskeli wote hukusanyika hapo hata kama hawana kilichoharibika.

Nikauliza tu, mtu mwenye vidole viwili anunue mkono wa namna gani, usio wa bei ya kumtoa roho. Laiti nisingeuliza! Bakari, anayeleta mkaa mjini, akasema, "Mzee, chukua wa plastiki. Ukianguka unapinda, unaunyoosha, maisha yanaendelea. Hii aluminiamu ya bei rahisi inavunjika kama muhogo."

"Plastiki inacheka," akasema Lembris. Huyu ni Mmasai wa upande wa Handeni, hushuka alfajiri na madumu ya maziwa nyuma ya baiskeli yake. "Unabana, yenyewe inapinda inacheka, baiskeli inakwenda zake. Mimi nataka mkono mrefu, wa vidole vinne."

"Mzee ana viwili, we Lembris," Bakari akamkumbusha.

"Basi aazime."

Mhina hakuinua kichwa kwenye gurudumu alilokuwa akilinyoosha. "Mnabishana bure. Inayosimamisha baiskeli ni raba. Mkono kazi yake kubisha hodi tu."

Mimi, kwa tabia yangu ya kupenda maandishi, nikatoa simu nikawasomea yaliyoandikwa na waendeshaji wa nchi za mbali kuhusu hiyo hiyo mikono ya bei nafuu. Utacheka, Nyamizi. Wanabishana kama sisi. Mmoja anasema vidole viwili vinatosha kabisa, ilimradi ukaze skrubu ndogo iliyo ubavuni ili mkono usogee karibu na usukani. Mwingine anaapa kwamba mikono hiyo haifai hata kufungia mbuzi. Lembris akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Hao huwa wamebeba nini?"

"Hawabebi kitu. Wanashuka milima kwa kujifurahisha."

"Basi wanyamaze."

Nikaiacha baiskeli. Mhina akasema, "Niachie, Mnyamwezi. Nitakutafutia saizi yako." Kesho yake asubuhi ndipo ulipopiga simu.

Nilipokata simu nilikaa kitandani kidogo. Kisha nikavaa viatu nikaenda kwa Mhina. Usiniulize kwa nini. Kuna mahali miguu ya mtu humpeleka akiwa hana pa kwenda, na miguu yangu inajua njia hiyo.

Baiskeli ilikuwa tayari, imesimamishwa mbele ya kibanda. Upande wa kulia ulikuwa na mkono mfupi wa rangi ya waridi, umetolewa kwenye baiskeli ya mtoto, na bado una kipande cha picha ya ua iliyobandikwa na msichana fulani huko mkono ulikotoka. Bakari na Lembris walikuwa wameshajipanga kwenye benchi wakinisubiri. Mhina akasimama akajifuta mikono.

"Mnyamwezi, breki yako hiyo. Nimekuwekea ya mtoto. Babu zako walitoka Tabora mpaka pwani na meno ya tembo kichwani, hawakuuliza breki. Wewe baiskeli tupu inakutetemesha. Au unaogopa ikipata mteremko itakupeleka kwenu?"

Wakacheka mpaka benchi likalia.

Unajua kwamba sisi na Wazigua ni watani. Baba alituambia tukiwa wadogo, kwamba ukipita nchi yao watakunyang'anya kofia na huruhusiwi kununa. Nilipofika huku nikakuta ni kweli. Mhina aliwahi kuivaa kofia yangu wiki nzima, akiinamisha kichwa kila anaponipita ili niione vizuri. Mimi nami nilimwambia mbele ya wakwe zake kwamba Wazigua huzaliwa wamechoka, ndiyo maana hulala siku nzima wakisubiri mihogo ijichimbe. Kununa hakupo. Anayenunia utani amejivua nguo mwenyewe.

Mimi nilinuna. Si kununa tu. Niliokota spana nikaupiga ule mkono mpaka ukapinda, nikautukana uzazi wa Mhina. Sitayaandika maneno hayo, kalamu hii ya kukuandikia wewe haistahili kuyabeba. Sauti yangu haikuwa ya utani na kila mtu aliisikia. Mama mmoja aliyekuwa akipita na ndoo alisimama.

Mhina aliinama, akaondoa vumbi kwenye ule mkono kwa pindo la shati lake. Akaniambia taratibu, "Mzee Shija, kuna nini?"

Miaka yote hii hakuwahi kuniita kwa jina langu. Ilinichoma kuliko kama angenipiga.

"Kaka yangu amefariki," nikasema.

"Lini?"

"Habari imefika asubuhi hii."

"Na wewe umekuja kuangalia breki."

"Ndiyo."

Akanitazama. Kisha akageuka, akasema kwa sauti ya soko zima, "Bakari! Teremsha bati, tunafunga. Kumbe huyu mzee ni mchoyo wa msiba. Alitaka kuula peke yake!"

Mchana ule ule walikuja nyumbani. Mhina alitangulia juu ya baiskeli yangu, amevaa gunia la katani, vidole viwili vya mkono wa kulia amevikunja, na mkono wa pili ameshika gazeti juu chini, analisoma huku akikohoa. Ndiye mimi huyo. Alipofika mlangoni akajitupa chini: "Maganga! Maganga wetu! Umekufa hatujakuona hata siku moja, na nduguyo huyu kakuficha kama nyama!" Wanawake wa Masuguru waliokuja kuhani walicheka mpaka wakashika mbavu. Wakanizibia mlango, nikaambiwa silii wala siingii kwangu mpaka nitoe jogoo wa faini, kwa kosa la kuwaficha watani maiti wao. Nikatoa. Bakari alileta mkaa, Lembris maziwa. Lembris alikaa pembeni, akaninong'oneza, "Kwetu mtu akifa jina lake halitajwi tena. Ninyi mnalipigia ngoma."

"Vibaya?" nikamuuliza.

"Sijui. Lakini wewe unacheka."

Nilikuwa nacheka kweli, Nyamizi, na machozi yalikuwa yameanza kushuka. Utani wa msibani kazi yake ndiyo hiyo, kumfungua mtu. Kama ungeishia hapo nisingekuwa na aibu ninayokuandikia leo, ningekuwa na ya matusi tu, na hiyo ilishalipwa kwa jogoo.

Lakini Mhina akasimama na gunia lake akasema, "Haya, Mnyamwezi. Sasa mlilie ndugu yako kwa lugha ya kwenu. Kelele zetu hizi Maganga hazielewi. Akusikie wewe."

Nikasimama. Nilikuwa namtafuta mama akilini, unakumbuka, siku ya kumzika baba, yale maneno aliyoyaita akizunguka nyumba, akitaja watu mmoja mmoja mpaka kwa babu wa babu. Nilimwona kabisa, na kanga yake imefungwa kiunoni. Midomo yake ilikuwa ikitembea, sauti haikuja. Nikafungua kinywa nikiamini yatatoka yenyewe. Yalitoka ya Kizigua. Maombolezo ya Handeni, yale niliyoyasikia tulipokuwa tunamzika mke wangu kwao, yakatoka yote bila kukosea hata neno, kwa ajili ya kaka Maganga, mtoto wa Nzega, ambaye hakuwahi kuivuka hata Singida.

Hakuna aliyecheka. Hiyo ndiyo aibu yangu. Mhina alikuwa na kila haki ya kuanguka chini kwa kicheko. Mtani wake wa Kinyamwezi analia Kizigua, angesimuliwa mpaka Handeni. Badala yake alitazama kandambili zake. Mtani wako akikosa la kukucheka, ujue umefika mahali pabaya.

Siku ya kuanua matanga alininyoa yeye, kama desturi inavyomtaka mtani afanye. Mdomo wake ulikuwa umesharudi. "Kichwa kina mabonde hiki. Hapa walikuwekea pembe, hapa wakakuwekea shaba."

"Tazama wembe, Mzigua."

"Nikikukata nani atakuja kudai? Kwenu mbali." Akanyoa kidogo, akapuliza nywele shingoni mwangu. "Ukifa tutakuzika sisi, unajua."

"Najua."

"Na tutakudhalilisha vizuri. Usiwe na wasiwasi."

Ule mkono wa breki aliunyoosha kwa nyundo akaurudisha. Ni kweli, mdogo wangu, umenikaa. Ni mfupi, uko karibu na usukani, vidole viwili vinaufikia bila kunyoosha kiganja, na mteremko wa Ngombezi naushuka sasa bila kushusha mguu. Alama ya spana imebaki pale pale kwenye rangi ya waridi. Kila ninapobana naishika. Bakari ameanza kuniita Mtoto. Na wageni wote wanaopita kibandani hutoa maoni yao, huyu akisema aibu mzee kuendesha kitu kama hicho, yule akiuliza kama Mhina anao mwingine. Mimi huitikia kwamba ni breki tu.

Nimejaribu kujiona nimekaa kwenye kiti cha Maganga. Vijana wamekuja na shauri la mahari au mpaka wa shamba, wananitazama nianze kwa kuwataja wazee waliotangulia, nami nina salamu moja tu mdomoni, mwangaluka, na baada ya hapo kimya. Nauli ninayo, na magoti ya kukaa ndani ya basi ninayo. Ningefika. Mngenichinjia, mngenipisha, na wewe ungekuwa unaninong'onezea majina sikioni mbele ya watoto. Nisingeweza kulivumilia hilo, wala sitaki kukubebesha.

Kiti kikalie wewe. Usishtuke. Ulikaa na mama mpaka mwisho, ukamwosha Maganga, na majina yote unayo. Kiwanja cha baba ni chako. Wazee wakiguna kwamba mwanamke haketi hapo, wasomee barua hii, uwaambie mkubwa aliyebaki ndiye aliyesema, na kwamba hili ndilo neno lake la kwanza na la mwisho katika ukoo.

Nisalimie shemeji, mjane wa kaka. Mwambie nilimlilia mumewe, usimwambie kwa lugha gani. Msalimie mwanao anayekubonyezea simu, na yule fundi cherehani wa jirani aliyenishonea suruali niliyoondoka nayo, kama bado yuko hai. Ng'ombe wako mpe chumvi kwa niaba yangu.

Ukipata habari yangu siku moja, usipange safari. Watakuwa wameshanipitisha Masuguru yote wakinicheka, na mmoja wao atakuwa amevaa kofia yangu.

Mimi sirudi, Nyamizi.

Kaka yako,
Shija