Bei ya Mtu Mmoja

Jumatatu, 5 Mei
Mitihani ya darasa la tisa nimemaliza kusahihisha. Nimerudi kwenye mchezo wa simu wa shemeji Juma, ndugu wa mume wangu: wafanyabiashara wa zamani wa ziwa letu wanashindana kutajirika. Yeye anatengeneza. Mimi, mwalimu wa historia, nampa bei na maelezo ya bidhaa. Mawese alikuwa ameyafanya ghali kuliko chumvi! Nimegeuza. Chumvi ilitoka mbali. Mawese tunayo mlangoni.

Jumatano, 7 Mei
Ameongeza bidhaa. Watu. Mtu mmoja, bei chini ya pembe moja ya ndovu. Nikamwambia atoe. "Shemeji, si wewe ulitaka ukweli? Historia iko historia." Mama wa bibi yangu alivushwa kutoka Kongo, akauzwa hapa hapa Rumonge. Juma anajua.

Ijumaa, 9 Mei
Chakula kwa mama mkwe. Juma kacheza mbele ya wote. "Nimenunua kumi! Shemeji, kuja uchague bibi yako." Wakacheka. Hamisi, mume wangu, naye kacheka. Sikulia. Nimeosha sahani zote. Namchukia Juma. Nataka aibike mbele za watu.

Jumapili, 11 Mei
Nimepata njia. Anataka ukweli, ataupata wote. Mama mkwe mwenyewe alinisimulia nilipoolewa: babu wa marehemu mumewe alikuwa akiuza watu. Nimeandika chini ya bidhaa ile: "Muuzaji: Mzee Rashidi, babu wa baba yake mtengenezaji wa mchezo huu." Juma hubandika maelezo yangu bila kusoma.

Jumamosi, 17 Mei
Uzinduzi wa mchezo. Ukumbi wa vijana umejaa, wazee wa mtaa mbele, picha zinaonyeshwa ukutani. Juma kabonyeza "Watu". Jina likatokea. Mzee mmoja akalisoma kwa sauti. Juma akanitazama. Nikamtazama. Utamu ule, Mungu anisamehe.

Jumapili, 18 Mei
Hamisi kahamia kwa mama yake. "Umemvua nguo marehemu." Sijuti.

Alhamisi, 22 Mei
Juma ameondoa watu kwenye mchezo. Hakuniambia, nimeona mwenyewe.
Alasiri kaja mama mkwe, peke yake, na samaki wabichi, mikeke wa ziwani. Tumewaparua pamoja. Ukumbi hakuutaja. Kisha: "Yule mama wa bibi yako, jina lake nani? Nataka kumuombea."
Nikasema Faida. Halafu nikamwambia na lililobaki: hilo alipewa na waliomnunua. La kwao hatulijui.
Akanawa mikono, akaiinua, akaomba bila jina.