Chupa Namba 212

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Simu kabla sijamaliza chai. Dokta Abalo, anayefundisha viumbe vya majini katika chuo ambacho nilitunza stoo yake ya vielelezo kwa miaka thelathini na mmoja. Ameona mwandiko wangu kwenye chupa.

"Hajati, namba 212 ni wewe uliandika?"

Ni mimi. Na sijahiji, nikamwambia. Akacheka, akaendelea kuniita Hajati.

Chupa 212 – kamba wadogo sita. Watu wa pwani huwaita uduvi, wakawatia mchuzini bila kuuliza nasaba yao. Niliwakusanya mwenyewe mwaka 1976, safari ya chuo, kwenye mikoko kusini ya Mombasa. Matope mpaka magotini! Hawajapata jina la kisayansi hata leo. Kesho nakwenda.

Jumanne, 9 Septemba

Darubini mpya, macho ya zamani. Lakini niliwatambua.

Abalo amekulia kambi ya jeshi ya Mbuya, hapa Kampala. Kiswahili chake ni cha gwaride. "Hii iko na meno saba juu, mbili chini." Anahesabu meno ya ule mwiba unaotangulia kichwa. Nilimsahihisha ngeli mara mbili. Mara ya tatu nikaacha, kwa sababu hesabu ilikuwa sahihi.

Spishi inayofanana nao ina meno matano juu, na koleo la mguu wa pili ni fupi. Hawa wetu koleo limepita urefu wa kichwa. Kwa hiyo ni wengine! Ila miiba minne kati ya sita imevunjika. Wazima ni wawili tu.

Bwana Nyongesa, mtaalamu wa kamba aliyeko Mombasa, tulimwona kwenye kompyuta. Mtu wa tahadhari, nilimpenda. Wawili hawatoshi, anasema, huenda ni tofauti ya umri. Mwezi uliopita alikwenda kwenye mikoko ile kutafuta wengine. Akakuta mikoko imekatwa, pamejengwa ukuta. Hakupata hata mmoja.

Ni hawa sita, basi. Kilichobaki ni kupima vinasaba kutoka mguu mmoja. Lakini fomalini, dawa ya kuhifadhia maiti, huharibu vinasaba, tofauti na spiriti, na maabara haipokei kielelezo kilichowahi kukaa ndani yake. Tukafungua daftari la stoo. "Kiowevu kimebadilishwa, Aprili 1979." Mwandiko wangu. Pembeni mtu ameongeza kwa penseli: fomalini?

Abalo alinitazama. Nikasema nitajaribu kukumbuka.

Uongo. Sijasahau hata siku moja.

Jumatano, 10 Septemba

Mvua tangu alfajiri. Niandike hapa kwanza, nione kama mkono utakubali.

Vita vya 1979 vilipoingia mjini, waporaji walivunja stoo. Spiriti ilichukuliwa yote, pipa na mfuniko. Chupa walizimimina na kuziacha wazi. Niliokoa kumi na tisa, vielelezo vimeanza kukauka. Wenzangu walikuwa wamekimbia. Ocira, tarishi wetu wa stoo, ambaye ningeweza kumtuma, alikuwa njiani kwenda kwao kaskazini. Nilikwenda mtaa wa Katwe peke yangu, katika buibui langu, nikanunua enguli – pombe kali ya kienyeji – dumu la lita tano. Yule mama muuzaji alinitazama toka kichwani hadi viatuni. "Ya mgonjwa?" Nikasema ndiyo.

Nilichemsha enguli ile maabarani, nikakusanya mvuke wake, nikachemsha tena, mpaka tone lake likawaka moto wa buluu. Nikajaza chupa. Nilirudi Katwe mara tatu.

Mara ya tatu nilikutana na kaka Mahmoud. Khanga niliyofunikia dumu ilikuwa imeteleza. Harufu ilifika kabla ya salamu. Alisema neno moja tu, jina langu: "Hindu." Kisha akaondoka.

Baba alikuwa maalimu. Alikuwa ameniahidi nifundishe darasa la wasichana madrasani baada ya Ramadhani. Habari ya dumu ikamfikia, akampa binamu yetu Jannat. Hakuniuliza, nami sikumwambia. Nilikuwa na kiburi cha mtu asiye na hatia. Amekufa hajauliza.

Na Mahmoud? Kila Ijumaa baada ya sala huja kwangu Kyebando, tukaongea vizuri. Lakini huja na thermosi yake. Chai yake, kikombe chake. Miaka arobaini na sita! Husema ni tumbo.

Alhamisi, 11 Septemba

Abalo kaleta fomu. Kiowevu gani, mwaka gani, nani alibadilisha, kwa nini. Saini. Itachapishwa pamoja na maelezo ya spishi, jina langu kamili.

Nikauliza kama neno "spiriti" halitoshi.

"Spiriti ya wapi, Hajati? Mwezi ile Kampala yote ilikuwa kavu. Mzee wangu alikuwa askari, aliniambia watu walikunywa hata ya hospitali. Nyongesa ataniuliza, nitasema nini?"

Nikaanza kuisoma fomu upya toka juu.

"Kama ni fomalini sema tu. Tunaandika 'haijulikani', tunarudisha kwa rafu, maisha inaendelea."

Maisha yanaendelea. Nilisema kwa sauti. Akasema, "Haya, yanaendelea, mwalimu," akapiga saluti ya kijeshi. Mtoto huyu! Karibu nicheke.

Ameondoka. Nimekaa na fomu. Hao sita walikuwa hai. Mimi ndiye niliyewatoa matopeni. Sasa pale pana ukuta. Nikinyamaza, wanakuwa hawakuwahi kuwapo. Kunyamaza nimeshajaribu, na najua kunakula nini.

Nimeandika: "Enguli kutoka Katwe, iliyochemshwa mara mbili. Fomalini haikutumika wakati wowote. Aliyenunua, aliyechemsha na aliyejaza ni mimi." Nimetia saini.

Ijumaa, 12 Septemba

Abalo atakuja kuchukua fomu saa kumi.

Mahmoud kafika baada ya sala, kanzu imelowa pindoni, thermosi kwapani. Tumesalimiana. Nikampa fomu kabla hajafungua mfuniko.

"Isome, kaka. Uniangalie kama kuna kosa."

"Mimi najua nini habari za kamba?"

"Huhitaji kuwajua. Soma ukurasa wa pili."

Akatafuta miwani. Akalalamika kwamba watu wa chuo huandika herufi za mchwa. Kisha akaanza kusoma.

Naandika haya jikoni. Chai iko motoni – tangawizi, iliki, kama alivyoipenda Mama. Kupitia mlango naona kidole chake kinafuata mstari. Kimefika mwisho. Kimerudi juu. Thermosi iko mezani, haijafunguliwa. Sasa amevua miwani, anaipangusa kwa kanzu iliyolowa, ambayo haiwezi kupangusa kitu.

Chai inachemka. Nimetoa kikombe kimoja. Nimetoa cha pili, nimekirudisha kabatini.

"Hindu."

Neno lilelile, sauti ileile. Nimeinua kichwa. Safari hii hajaondoka. Amegeuza kiti kuelekea jikoni, ananingoja, thermosi ameisukuma kando.